Wapenzi wa magemu ya Kijapani yenye hadithi ndefu, tukutane hapa (Mbeya, Iringa, Njombe na jirani)

Loleza Mlimani

Wakuu, salamu kutoka Mbeya.

Nyuzi za gemu humu ndani karibu zote ni za mpira: kikosi kipi kikali, pedi ipi inadumu, nani kamfunga nani. Mpira naupenda. Ila tupo wengine ambao tukishika pedi tunatafuta kisa, tena kisa kirefu, cha watu wanaosafiri pamoja, wanagombana njiani, wanapatana, na wengine wanazikana. Nazungumzia magemu ya Kijapani ya ukoo wa Dragon Quest, Final Fantasy, Chrono Trigger na Persona. Naomba tuyajadili kwa kina, hasa sisi wa Nyanda za Juu Kusini, maana nina hakika tupo wengi na hatujuani.

Tahadhari: nitataja wanaokufa na sababu za kufa kwao. Kama kuna gemu hujalimaliza, ruka aya yake.

Naanza na Final Fantasy VII, la mwaka 1997, CD tatu kwenye PlayStation ya kwanza. Kampuni iitwayo Shinra inafyonza uhai wa sayari kutoka ardhini na kuugeuza nishati ya kuendeshea miji. Watu wakilisimulia gemu hili wanakimbilia adui mkuu, Sephiroth, na ule upanga wake mrefu. Mimi pale paliponishika ni Corel. Barret, yule jamaa mkubwa mwenye bunduki badala ya mkono, anarudi kwao na kukuta watu wanaishi kwenye mahema na mabati chakavu. Wanamtukana usoni, naye hajibu. Hapo ndipo unaambiwa kilichotokea. Corel ulikuwa mji wa wachimba makaa ya mawe. Shinra walipotaka kujenga mtambo, Barret aliunga mkono. Rafiki yake Dyne akapinga, kwa sababu makaa ndiyo kazi iliyowalea tangu enzi za mababu. Mtambo ukajengwa, ukaja kulipuka, Shinra wakawabebesha wenyeji lawama na kuuchoma mji.

Mtu wa huku hawezi kukisoma kisa hicho kama cha watu wa mbali. Tumekua tukisikia habari za makaa ya mawe ya Kiwira, na tunawajua watu ambao baba zao walishuka mgodini. Barret hakuwa mjinga wala msaliti. Alitaka watu wake waishi vizuri. Gemu halimhukumu, linakuacha utembee naye tu, na kila ukimwona anavyompenda Marlene, mtoto anayemlea, unakumbuka kwamba ni binti wa Dyne.

Hoja yangu ni hii: hadithi ya magemu haya inakaa kwenye mwendo, kati ya video moja na nyingine. Chukua Aerith. Umemlea saa nyingi. Umemnunulia fimbo, umempachikia materia (vijiwe vya nguvu za uchawi), umemweka mstari wa nyuma asiumie, na yeye ndiye anayewaponya wenzake wote. Mwishoni mwa CD ya kwanza Sephiroth anamuua. Papo hapo unaingia pambanoni, na mahali pa muziki wa vita unasikia wimbo wa Aerith mwenyewe, uliotungwa na Nobuo Uematsu, unaendelea mpaka adui anaanguka. Kisha unafungua menyu upange kikosi na jina lake halipo. Materia ulizompa zimerudi kwako. Unatakiwa uamue nani sasa atabeba ile ya kuponya. Mimi nilikaa na hiyo menyu muda mrefu kuliko nilivyokaa na ile video.

Karibuni.

Kijana wa Mwanjelwa

Mkuu Loleza, heshima yako. Mimi hadithi hiyo naijua yote, niliiangalia YouTube, video zimeunganishwa kama filamu. Ni nzuri, sikatai. Kilichonishinda ni kucheza kwenyewe. Hatua nne, adui katokea. Unachagua piga, unasubiri, naye anapiga, unasubiri. Unashinda, hatua nne tena. Kama hadithi ndiyo tamu, kwa nini wanaifunga nyuma ya kazi yote hiyo?

Loleza Mlimani

Kijana, swali lako ni zuri na nilitamani liulizwe.

Kwanza asili yake. Dragon Quest la kwanza lilitoka Japani mwaka 1986. Yuji Horii aliyelibuni alikuwa amependa magemu mawili ya kompyuta ya Wamarekani, Wizardry na Ultima, ambayo yalikuwa magumu kwa mtu wa kawaida. Yeye akataka mchezo ambao hata asiye na vidole vyepesi anaweza kuumaliza. Ukishindwa leo, unaongeza levo, kesho unapita. Uvumilivu unahesabika kama ustadi. Mwaka uliofuata Hironobu Sakaguchi na wenzake pale kampuni ya Square wakatoa Final Fantasy, na mambo yakaendelea hapo. Kwa hiyo zile zamu unazoziona ni mzigo ziliwekwa kama mlango wa kuingilia watu wote. Mdogo wangu wa kike, ambaye mpira wa gemu humfungi na hakufungi, ndiye aliyemaliza Final Fantasy X nyumbani kwetu kabla yangu.

Pili, na hapa nasimama imara: ulichoangalia YouTube ni habari za tukio. Umeambiwa Aerith amekufa. Hukuwahi kumtegemea. Hukuwahi kuwa na kikosi kimebaki na uhai kidogo, dawa zimekwisha, sehemu ya kuseivu iko mbali, na yeye ndiye pekee aliyesimama akawainua wengine. Huku kwetu umeme ukikatika kabla hujaseivu, njia yote hiyo unairudia kwa miguu. Mzigo huo ndio unaomgeuza picha kuwa mwenzako.

Msitu wa Sao

Nimeusoma uzi huu nikiwa Mafinga na nimeona niandike, japo huwa nasoma tu.

Wote mnaizungumzia Final Fantasy. Mimi ngoja niwape Chrono Trigger, 1995, Super Nintendo. Lilitengenezwa na watu ambao kwa kawaida walikuwa kambi mbili: Sakaguchi wa Final Fantasy, Horii wa Dragon Quest, na michoro ya Akira Toriyama, Mungu amrehemu, aliyetutoka mwaka 2024. Vijana wanasafiri katika nyakati ili kuzuia dunia isiangamizwe na kiumbe Lavos mwaka 1999.

Lakini sitaki kuongelea Lavos. Kuna mwanamke anaitwa Fiona, anaishi mwaka 600, pembeni ya ardhi iliyogeuka jangwa. Anataka kurudisha msitu. Kazi hiyo haimalizwi na maisha ya mtu mmoja. Robo, ambaye ni roboti, anasema yeye atabaki. Mnamwacha pale na jembe lake. Ninyi mnapanda chombo chenu cha kusafiria nyakati, mnaruka hadi mwaka 1000, kwenu ni dakika. Mkifika mnakuta msitu. Mnakuta na hekalu ndani ya msitu, na Robo kawekwa humo, mwili umechakaa, amefanya kazi miaka 400.

Mnamwamsha, mnamtengeneza, halafu mnakaa usiku porini kuzunguka moto. Wanaongea kuhusu hiyo milango ya nyakati, kama kuna mtu anayewaonyesha yale anayotaka kuyakumbuka. Na usiku huohuo Lucca, msichana wa kikosi chenu, anaamka peke yake, anakuta mlango umefunguka, anaingia na kujikuta nyumbani kwao siku ambayo mama yake alinaswa na mashine miguu. Una nafasi ndogo sana ya kuizuia. Neno la siri ni jina la mama, herufi nne tu. Gemu halikupi muda wa kufikiri, na kama hukuwahi kusoma yale maandishi nyumbani kwao, utamkosa.

Mimi nimekulia pembeni ya mashamba ya miti ya Sao Hill. Baba amepanda misindano ambayo alijua wengine ndio watakaoivuna. Mche wa msindano ukiutia ardhini leo, kuuchana mbao ni habari ya miaka mingi mbele, na huku kwetu watu wanapanga ada za watoto ambao bado hawajazaliwa kwa hesabu za miti. Nimecheza magemu mengi yenye mazimwi na mfalme wa giza. Hakuna aliyenielezea kazi ya baba yangu kama yule roboti na jembe.

Kwa hiyo, Kijana, ile sehemu YouTube inachukua dakika chache sana. Ukiicheza, unakuwa umemtumia Robo kwenye mapambano kwa saa nyingi, halafu unalazimika kutembea kidogo bila yeye.

Dada wa Makambako

Habari zenu kaka zangu. Na sisi akina dada tupo.

Kaka Msitu, umenitoa machozi kwa sababu Robo nilimwacha pale bila kufikiri.

Langu ni Persona 4, PS2, mwaka 2008, na baadaye lile toleo la Golden ambalo tangu 2020 lipo kwenye kompyuta. Mwanafunzi wa mjini anapelekwa kuishi mwaka mmoja na mjomba wake Dojima, askari mpelelezi, katika mji mdogo uitwao Inaba. Mvua ikinyesha siku kadhaa mfululizo ukungu unashuka, na ukungu ukishuka maiti inapatikana. Mtu wa Dar akicheza, ukungu ule kwake ni kitisho cha kwenye sinema. Sisi wa Makambako na Njombe ukungu tunauamkia, tunawasha taa za gari asubuhi, tunawatuma watoto shuleni ndani yake. Ndiyo maana mimi ulinitisha zaidi. Gemu lilikuwa limechukua kitu cha nyumbani.

Ila kinachonifanya nilirudie ni Junes. Ni duka kubwa la kila kitu lililofunguliwa pale mjini, na maduka ya zamani ya mtaa yanakufa moja moja. Yosuke, rafiki yako, ni mtoto wa meneja wa duka hilo, na watu wazima wanamwangalia kama yeye ndiye aliyelileta. Kuna msichana Saki, familia yake ina duka la pombe linalozama, naye ameajiriwa Junes. Majirani wanamsema, baba anamsema. Anauawa mapema sana, na Yosuke anabaki na mambo aliyosikia kuhusu alichomfikiria. Sisi wenye genge tunayajua hayo maneno. Mama yangu ana meza sokoni, na mimi mwenyewe nimewahi kufanya kazi kaunta ya duka kubwa. Sijawahi kuona kitabu wala tamthilia inayouliza hilo swali kwa upole namna ile: mtoto afanye nini kama mshahara wake unatoka pale panapomuua mzazi wake kibiashara?

Halafu Nanako. Binti mdogo wa Dojima, mama yake aligongwa na gari akafa, baba anachelewa kazini kila siku, mtoto anakula peke yake mbele ya runinga. Gemu linakupa jioni zako na kukuachia uamuzi: uende na rafiki, ufanye kibarua, au ukae na Nanako. Hakuna anayekulazimisha. Mwezi wa tatu unapanda treni kurudi kwenu, na jioni zile haziongezwi. Hoja ya kaka Loleza ya mwendo naikubali, ila kwangu naongeza kalenda. Magemu ya Persona yanaumiza kwa sababu siku zinahesabiwa.

Kihesa Juu

Kamwene wote. Iringa hapa.

Naomba nilete upande wa pili, na nausema kwa sababu nayapenda. Magemu haya yana tabia moja inayoniudhi: kijiji cha shujaa kinachomwa moto ili yeye apate sababu ya kusafiri. Dragon Quest IV, kijiji kinafutwa. Final Fantasy VII, Nibelheim, kijiji cha shujaa Cloud, inateketea. Dragon Quest XI la 2017, Cobblestone inavunjwavunjwa. Unaonyeshwa mama mlezi, jirani, mbuzi, halafu moto. Baada ya hapo safari ni ya mji mkuu, majumba ya kifalme, meli za angani. Kijiji kilikuwepo ili kiungue. Mimi ni mtu wa kijijini Kilolo, na nikiona kijiji kizuri mwanzoni mwa gemu najua tayari kinachofuata.

Ndiyo maana kwangu Suikoden II la 1998 liko juu ya yote mliyoyataja. Nalo lina vijiji vinavyoungua, na mwanamfalme Luca Blight anaua raia mbele ya macho yako bila huruma. Lakini lile gemu linakupa kazi ya kuwapa waliobaki mahali pa kukaa. Unapata ngome iliyochakaa, unatafuta watu 108, na wengi wao hawana upanga wa maana. Kuna mpishi, kuna mkulima, kuna mwenye bafu, kuna wa kuuza dawa. Kila anayekuja, ngome inabadilika: shamba linatokea, jiko linaanza kufanya kazi, watoto wanakimbia koridoni. Yoshitaka Murayama aliyeliandika naye alifariki 2024, na sijaona aliyeelewa kama yeye kwamba baada ya vita mtu anahitaji jiko.

Loleza Mlimani

Kihesa, nakubali nusu. Cobblestone umeitendea vibaya. Ukiendelea na Dragon Quest XI, palepale palipovunjwa ndipo watu wanapokimbilia dunia inapoharibika, na baadaye kijiji kinajengwa upya. Lakini kwa Nibelheim sina utetezi, na umenifanya nifikirie upya ni kwa nini sikumbuki jina la jirani hata mmoja wa Cloud, ukimtoa rafiki yake Tifa.

Sasa nifike kwenye Final Fantasy X, maana nilianza uzi huu nikilifikiria. 2001, PS2, la kwanza katika mfululizo mkuu kuwa na sauti za waigizaji. Dunia ya Spira inashambuliwa na dubwana Sin. Binti Yuna ni msafiri wa hija: anatembea hekalu hadi hekalu mpaka Zanarkand, apate nguvu ya kumshinda. Sin akishindwa, watu wanapumzika miaka kadhaa, halafu anarudi.

Mapema kabisa mnafika Kilika, bandari ya nyumba za mbao juu ya maji, muda mfupi baada ya Sin kuipiga. Jioni Yuna anatembea juu ya maji na kucheza ngoma ya kuwasindikiza wafu, ili roho zao zisibaki zikageuka mazimwi. Wafiwa wamesimama gatini wanalia. Bibi yangu wa Tukuyu alikuwa kaja kututembelea, amekaa nyuma yetu na blanketi lake. Aliuliza kama wote wale wamefariki siku moja. Nikamwambia ndiyo, bibi. Akasema basi huyo binti asiachwe peke yake usiku huu. Kwa watu wetu mfiwa halali peke yake, na anayeongoza mazishi naye hukaliwa. Na kweli gemu lina walinzi, Lulu, Wakka, Kimahri, ambao kazi yao ni hiyohiyo, kutomwacha.

Sasa ninachotaka kusema kwa Kijana. Karibu nusu ya safari hiyo wote wanajua jambo ambalo Tidus, unayemwongoza, halijui: anayemshinda Sin kwa njia ya hija hufa. Kila Tidus anapomwambia Yuna watafanya nini wakishamaliza, wenzake wananyamaza au wanabadilisha mazungumzo. Anaambiwa ukweli mkiwa mmeshatembea sana. Ukirudia gemu mara ya pili, mazungumzo ni yaleyale, barabara ni zilezile, na kila kitu kimebadilika. Unamwona Lulu anavyogeuza uso. Ile barabara ndefu ya Mi'ihen, ambayo mara ya kwanza uliiona ya kuchosha, sasa unatamani isiishe, kwa kuwa kila hekalu linampeleka binti wa watu kufa. Huko YouTube barabara ya Mi'ihen imekatwa, maana hakuna "kinachotokea".

Kijana wa Mwanjelwa

Wakuu, mmenibana. Sasa mimi nina simu tu, tena ya kawaida, na bando la kuunga. Naanzia wapi?

Msitu wa Sao

Chrono Trigger lipo la simu, unalinunua mara moja. Ukishapakua lote, unacheza bila intaneti. Halina adui wa kushtukiza kila hatua nne: wengi unawaona kabla hujawafikia. Na ni fupi ukilinganisha na haya mengine.

Dada wa Makambako

Persona 4 kwenye simu hakuna, mdogo wangu, kwa hiyo mimi sitakusaidia kwa sasa. Msikilize kaka Msitu. Ila kila mji ukifika, ongea na watu wote, na baada ya tukio kubwa rudi uongee nao tena. Wengi watakuwa na neno jipya.

Loleza Mlimani

Mimi nitakupa Final Fantasy IX, la mwaka 2000. Nalo lipo la simu, na lina kitufe cha kuharakisha mapambano na kingine cha kuwazima maadui wa njiani. Nakushauri hicho cha pili usikiguse mpaka umeona kijiji cha Dali.

Unaambatana na Vivi, mtoto mwenye kofia kubwa na uso usioonekana, mchawi mweusi, mwoga, mpole. Dali kuna watoto wanaendesha duka, na mashamba hayana mtu. Watu wazima wapo wapi? Chini ya kijiji kuna kiwanda, na kinachotengenezwa kule ni wachawi weusi wanaofanana na Vivi, hawasemi, wanafungwa mapipani kupelekwa vitani. Vivi anawaona. Baadaye kwenye chombo cha angani anajaribu kuongea nao, hawamjibu. Halafu anashambuliwa, nao wasiosema wanasogea na kusimama mbele yake.

Mbele zaidi kuna kijiji chao, cha wale waliozinduka na kukimbia. Wana duka, wanalea yai la chocobo, ndege mkubwa wa kupandwa, na wana makaburi madogo. Wamegundua kwamba kila mmoja wao ana muda mfupi tu kabla ya kusimama, yaani kufa, na hawajui waliosimama wameenda wapi. Kihesa, hiki kijiji nakileta kwako kama jibu.

Kihesa Juu

Nakipokea. Kile kijiji kina uhai wake chenyewe, na wachawi wake unaweza kurudi kuwatembelea. Ningependa tu Dali nayo ingepewa nafasi ya kulima tena mbele ya macho yetu.

Kijana wa Mwanjelwa

Nimelinunua IX. Nipo Dali. Nimeongea na kila mtu, hata yule mtoto anayesema wakubwa wako kazini. Sijazima maadui. Sasa Vivi haonekani, aliachwa karibu na kinu cha upepo. Nimfuate sasa hivi au nirudi kwanza nyumba ya wageni kuseivu?

Loleza Mlimani

Seivu kwanza. Halafu mfuate.